Hii mimba, huyu mtoto: maneno ya Kiswahili katika mjadala wa sheria ya utoaji mimba Kisangani

Utangulizi

Kikundi cha akina mama wa mtaa wetu, katika komuni ya Mangobo, hukutana Jumapili alasiri chini ya mwembe. Mwaka jana waliniomba nigeuze kwa Kiswahili ukurasa mmoja wa Kifaransa. Ukurasa huo ulieleza kifungu cha 14 cha Protokoli ya Maputo, yaani mapatano ya nchi za Afrika kuhusu haki za wanawake. "Wewe si unasoma mambo ya lugha?" mama mwenyekiti aliniambia. "Basi tusaidie." Nilifikiri ni kazi ya saa moja. Ilinichukua wiki tatu, na siku niliposoma tafsiri yangu mbele yao, sentensi ya pili tu ilivunja mkutano.

Nilikuwa nimeandika hivi: "Sheria inampa mwanamke haki ya kutosha mimba." Mama mmoja mzee alisimama kabla sijafika kwenye nukta. "Mwanangu, unasema serikali imetoa haki ya kuua mtoto?" Wengine wakamuunga mkono, wengine wakampinga, na kwa muda wa saa nzima hakuna aliyesikia masharti yaliyofuata katika sentensi ya tatu.

Watu walipotawanyika, mama mwingine muuza sombe alibaki nyuma. Aliniambia kwamba binti wa dada yake alibakwa njiani akitoka shambani. Mimba ilipoonekana, familia haikumpeleka kituo cha afya. "Tuliogopa boloko," alisema. Walimpeleka kwa mtu anayejua mizizi, na msichana akafa siku ya nne. Nilimuuliza ilikuwa mwaka gani. Akajibu: 2020. Protokoli ya Maputo ilikuwa imekwisha kutangazwa nchini mwetu tangu 2018.

Makala hii imetoka katika siku hiyo. Sitaamua hapa kama kutoa mimba ni dhambi ama si dhambi. Swali hilo lina wenyewe, na Kanisa Katoliki pamoja na makanisa na misikiti mingi ya mji wetu wamekwisha kulijibu kwa upande wao. Swali langu ni la mwanafunzi wa lugha: maneno tunayotumia katika mjadala huu yanafanya kazi gani, na mfasiri afanye nini ili mtu asikie sheria kwanza kabla ya kuikubali au kuikataa?

1. Sheria inasema nini, na kwa lugha gani

Tuanze na maandishi yenyewe. Kanuni ya Adhabu ya Kongo ni ya tarehe 30 Januari 1940, wakati wa ukoloni wa Ubelgiji. Kifungu cha 165 kinamwadhibu mtu anayemtoa mwanamke mimba kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15. Kifungu cha 166 kinamwadhibu mwanamke mwenyewe anayetoa mimba yake kwa hiari, kwa miaka 5 hadi 10. Vifungu hivyo viwili havitaji hali yoyote ya pekee, wala ubakaji, wala hatari ya kifo.

Protokoli ya Maputo ilipitishwa tarehe 11 Julai 2003. Bunge la Kongo liliruhusu nchi ijiunge nayo kwa sheria namba 06/015 ya tarehe 12 Juni 2006. Kifungu chake cha 14, aya ya 2, herufi c, kinazitaka serikali zilinde haki za uzazi za wanawake kwa kuruhusu utoaji mimba wa kitabibu katika hali zinazotajwa: shambulio la kingono, ubakaji, mimba kati ya ndugu wa damu, na pale ambapo mimba inahatarisha afya ya akili na ya mwili ya mama, au uhai wa mama au wa kijusi. Lakini maandishi hayo yalitokea katika Gazeti Rasmi tarehe 14 Machi 2018 tu. Tarehe 6 Aprili 2018 Baraza Kuu la Mahakimu likatoa waraka wa kuwaelekeza mahakimu na waendesha mashtaka kuhusu utekelezaji wake. Kutangazwa huku kuna uzito mkubwa, kwa sababu kifungu cha 215 cha Katiba ya 2006 kinasema kwamba mapatano ya kimataifa yaliyofungwa kwa utaratibu, yakisha kutangazwa, yana nguvu kuliko sheria za nchi.

Kwa hiyo tuna maandishi mawili kando kwa kando. La zamani linakataza pasipo kubagua hali. La juu yake linaruhusu katika hali chache. Vifungu vya 1940 havikufutwa Protokoli ilipotangazwa, na ndiyo maana polisi, muuguzi na familia wanaweza kila mmoja kuishi chini ya sheria tofauti, kufuatana na ile waliyoisikia.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kifungu cha 1 cha Katiba kinataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Chiluba, Kifaransa ni lugha rasmi. Kifungu cha 142 kinaitaka Serikali ieneze sheria kwa Kifaransa na kwa kila mojawapo ya lugha hizo nne katika muda wa siku 60 tangu kutiwa sahihi. Kifungu cha 18 kinasema kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa. Mtu anaweza kusema kwamba kifungu cha 142 kinahusu sheria na si mapatano. Ninakubali. Lakini ikiwa sheria ya kawaida inastahili kufika kwa wananchi katika lugha zao, mapatano yaliyo juu ya sheria hayawezi kustahili kidogo kuliko hapo. Mama muuza sombe hakuwa mjinga wa sheria. Alijua sheria vizuri sana: ile ya 1940.

2. Kutoa, kutosha, kutoka, kuharibika

Katika Kiswahili cha vitabu tunasema "kutoa mimba". Boyoma tunasema zaidi "kutosha mimba", na mwenye kuchanganya na Lingala atasema "kolongola zemi". Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuonyesha "tosha" yetu imetoka wapi. Ni kitenzi "toka" kilichopewa kiambishi cha kusababisha: kama vile "waka" inavyozaa "washa", "anguka" ikazaa "angusha", na "shuka" ikazaa "shusha", ndivyo "toka" ilivyozaa "tosha", maana yake kufanya kitu kitoke. Katika Kiswahili cha Dar es Salaam neno hilohilo lina maana ya kuwa kiasi kinachohitajika, na sisi kwa maana hiyo husema "inaenea". Karatasi ya afya iliyoandikwa pwani na kuletwa hapa bila kuangaliwa, au yetu kupelekwa kule, itachekesha mahali ambapo hapahitajiki kicheko.

Jambo la muhimu zaidi ni mtendaji. "Kutoa" na "kutosha" vinadai mtu aliyetenda: nani alitosha? "Kutoka" hakidai: mimba ilitoka. "Kuharibika" hakidai pia, kwa sababu kiambishi -ik- kinaonyesha hali bila kumtaja aliyeileta. Tunaweza kusema "mimba iliharibiwa na mganga", lakini "mimba iliharibika na mganga" haisemeki. Sarufi yenyewe imefunga mlango.

Akina mama wanaujua mlango huo pasipo kusoma sarufi. Mwanamke anayefika kituo cha afya akitokwa na damu atasema "mimba imeharibika", iwe imeharibika yenyewe au la. Hasemi uongo wa kisarufi. Anachagua kitenzi kinachomlinda. Upande wa pili, Kifaransa cha madaktari kina neno moja, "avortement", kwa mimba iliyotoka yenyewe na kwa ile iliyotolewa. Daktari akiandika "avortement incomplet" katika karatasi, anaeleza hali ya mwili tu. Lakini katika Kifaransa cha mtaani neno hilo linasikika kama kosa. Shemeji akiisoma karatasi hiyo nyumbani, mwanamke aliyepoteza mimba aliyoitamani anakuwa mshitakiwa. Kiswahili chetu kinatofautisha vizuri kuliko Kifaransa katika jambo hili, na wauguzi wanaoandika kwa lugha moja na kueleza kwa lugha nyingine wangefaa kulijua.

3. Hii au huyu

Kiini cha ugomvi chini ya mwembe hakikuwa kitenzi. Kilikuwa nomino. Kilicho tumboni kinaitwaje?

Kamusi inatupa "kijusi", katika ngeli ya ki-vi: kijusi hiki, vijusi hivi. Katika mkutano wetu hakuna aliyelitumia neno hilo. Ni neno la kitabu. Linalosikika ni "mimba" kwa upande mmoja na "mtoto" kwa upande mwingine. "Mimba" ni ya ngeli ya i-zi: mimba hii. "Mtoto" ni ya ngeli ya watu: mtoto huyu. Katika Kiswahili cha Kisangani upatanisho wa ngeli umepungua, na mara nyingi unabaki mgawanyo wa sehemu mbili: "huyu" ama "ule" kwa mtu, na "hii" kwa karibu vitu vingine vyote. Kwa hiyo mzungumzaji wa Boyoma hana mahali pa kujificha. Akisema "hii", amekwisha kuchagua. Akisema "huyu", amekwisha kuchagua pia.

Neno la katikati lipo katika Kiswahili sanifu: "kiumbe". Kwa umbo ni la ki-vi, kwa maana linaweza kuchukua upatanisho wa kitu chenye uhai, na waandishi wanasema "kiumbe hiki" na pia "kiumbe huyu". Nilijaribu kulitumia. Mama mzee alilipenda kwa sababu lilimkumbusha Muumba. Vijana wawili walilikataa kwa sababu hiyohiyo.

Nilipoendelea kusikiliza niliona jambo ambalo wasemaji wenyewe hawalitambui. Mwanamke yuleyule husema "mimba" katika miezi ya kwanza, kisha "mtoto" anapoanza kucheza tumboni. Mwanamke anayeitamani sana mimba yake husema "mtoto" tangu siku ya kwanza. Yaani lugha ya kila siku haina jibu moja kuhusu wakati "hii" inapogeuka "huyu". Ina majibu yanayofuata miezi, matumaini na hofu. Wanaojadili hadharani, wa pande zote mbili, wanachukua neno moja kati ya hayo na kudai kwamba ndilo pekee.

4. Haki, ruhusa na halali

Sasa ninarudi kwenye kosa langu. Nilitafsiri "droit" kwa "haki" kwa sababu ndivyo kamusi isemavyo. Lakini "haki" katika Kiswahili inabeba mizigo miwili: kile ambacho mtu anaweza kudai, na kile ambacho ni cha adili. Mtu akisikia "haki ya kutosha mimba", anaweza kusikia kwamba kutosha mimba ni tendo la haki, jema, la kusifiwa. Mama mzee alikuwa sahihi kukasirika, kwa maana aliyoisikia. Na mimi nilikuwa nimeandika kitu ambacho Protokoli haisemi. Kifungu chenyewe kinataja haki za uzazi za wanawake kwa jumla. Kuhusu utoaji mimba kitenzi chake ni "kuruhusu", tena katika hali zilizohesabiwa.

"Kuhalalisha", neno linalopendwa na magazeti ya nchi jirani, lina shida nyingine. Ndani yake mna "halali", na "halali" inaita "haramu". Msikilizaji anadhani serikali inashindana na dini juu ya kilicho safi na kilicho najisi. "Kuruhusu" ni neno dogo zaidi, na kwa hiyo ni la kweli zaidi.

5. Maneno matatu magumu

La kwanza ni "inceste". Kiswahili cha pwani husema zinaa ya maharimu, lakini "maharimu" haijulikani mtaani kwetu. Kusema "ndugu" peke yake hakufai, maana ndugu ni kaka, binamu, rafiki, na hata mwenzako wa kanisa. Zaidi ya hayo, baba mdogo ni "baba", na noko ana nafasi yake. Protokoli haiorodheshi ni jamaa gani. Nilichagua "ndugu wa damu", nikijua kwamba baba wa kambo anabaki nje ya maneno hayo, na kwamba mimba itakayotoka kwake itabidi ielezwe kwa neno la ubakaji au shambulio.

La pili ni "santé mentale". "Afya ya akili" inasikika kama wazimu, na hakuna msichana atakayekubali kuitwa mwendawazimu ili apate msaada. Mwaka 2014 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, katika maelezo yake ya jumla namba 2 juu ya kifungu hiki, ilisema kwamba si lazima kuleta uthibitisho wa uchunguzi wa awali wa daktari wa akili. Katika kusoma kwa sauti nilieleza hivi: hata kama mwili ni mzima, lakini mtu halali, hali, na anatamani kufa.

La tatu ni "viol". Hapa neno lipo, "kubakwa", na mji wetu unalijua. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana hapa Kisangani kwa siku sita. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu wa vita vya miaka ile katika nchi yetu, na kati ya hizo milioni 225 ni kwa madhara waliyotendewa watu, ubakaji ukiwemo. Lakini mtaani wengi bado wanasema "walimharibu". Angalia: ni "haribu" ileile ya mimba. Msichana aliyebakwa "ameharibika", na neno hilo linamhukumu yeye kuliko aliyemtenda.

6. Kwa majirani

Kenya imejadili jambo hili kwa ukali kuliko sisi. Katiba yao ya 2010, iliyopigiwa kura tarehe 4 Agosti mwaka huo makanisa mengi yakiipinga, inasema katika kifungu cha 26 kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, na kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi isipokuwa mhudumu wa afya aliyefunzwa akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Lakini Kenya na Uganda zilipojiunga na Protokoli ya Maputo zilikataa kufungwa na kifungu cha 14, aya ya 2, herufi c. Rwanda nayo ilikuwa imekikataa, ikaondoa kizuizi chake mwaka 2012. Sisi Wakongo tulikipokea bila kizuizi. Ajabu ni hii: Mkenya anayesoma Kiswahili anaweza kufungua Katiba yake kwa lugha hiyo na kugombana nayo. Sisi tuliokubali zaidi tumesoma kidogo zaidi. Tangu Februari 2022 Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Udhuru wa kwamba lugha hii haiwezi kubeba mapatano ya Umoja huo umekwisha.

7. Tafsiri ninayoipendekeza

Mwezi mmoja baadaye nilirudi chini ya mwembe na maandishi mapya. Nilibadili mambo matatu. Kwanza, niliondoa "haki ya" na kuweka "kuruhusu". Pili, nilitumia "mimba" pote, kwa kuwa ndilo neno ambalo pande zote mbili hulitamka pasipo kugombana. Tatu, niligeuza mpangilio. Kifaransa hutanguliza tendo na kuacha masharti nyuma. Msomaji anaweza kurudi juu na kusoma tena. Msikilizaji hawezi. Anaamua pale anaposikia kitenzi cha kwanza. Kwa hiyo masharti yalitangulia:

"Ikiwa mwanamke amepata mimba kwa kubakwa, ao kwa kushambuliwa kingono kwa namna nyingine, ao mimba imetoka kwa ndugu wa damu, ikiwa mimba inahatarisha afya yake, ya mwili na ya akili, ikiwa inahatarisha uhai wa mama ao uhai wa mimba yenyewe: basi Serikali inapaswa kumlinda mwanamke huyo kwa kuruhusu mimba itolewe na mganga wa kituo cha afya ao hospitali."

Nimeacha "ao" ya kwetu kwa makusudi. "Kutolewa" nimelichagua badala ya "kutoshwa" ili karatasi isomeke pia Bunia na Goma. Katika kueleza kwa mdomo nilisema "kutosha". "Uhai wa mimba" hainiridhishi, na ninangoja pendekezo bora.

Safari hii walisikiliza hadi mwisho. Maswali yalikuwa mengine kabisa: nani anathibitisha kwamba msichana amebakwa? Je, lazima polisi wapite kwanza? Mganga anaweza kukataa? Hayo ni maswali ya watu walioisikia sheria. Mama mzee hakubadili msimamo wake, wala sikutaka aubadili. Alisema: "Mimi sikubali. Lakini sasa ninajua ninakataa nini." Mama muuza sombe hakusema neno. Aliomba nakala mbili, akazikunja, akazifunga katika pindo la kitenge chake.

Hitimisho

Wasemao kwamba tafsiri ni kazi ndogo ya kupanga maneno wangekuwapo siku ile ya kwanza. Kitenzi kilichotaja mtendaji, nomino iliyochukua "huyu", na "haki" iliyobeba mizigo miwili viliufunga mlango ambao sheria ilikuwa imeufungua. Kijana aliyekufa mwaka 2020 hakuuawa na neno. Lakini hakuna aliyempa neno ambalo lingempeleka mlango mwingine.

Ninawaachia wanafunzi wenzangu na waalimu wetu maswali matatu ya kufanyia kazi. Moja: katika lugha ya mama yako, iwe Kilokele, Kimbole, Kitopoke au nyingine, kilicho tumboni kinaingia ngeli gani, na kinahama lini? Mbili: kitenzi cha kupoteza mimba katika lugha hiyo kinamtaja mtendaji ama kinamficha? Tatu: ukipewa kifungu cha 14 leo, utakisomaje mbele ya mama yako, hadi nukta ya mwisho?